Jarida lako likue: andika kinachoulizwa gatini

Wewe unayetuma jarida kwa barua pepe hapa Lamu, kabla ya kuandika toleo lijalo teremka gatini usikilize watu wanauliza nini. Maji yatajaa saa ngapi ili mashua ya Pate ipite mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara? Kusi ikishika, bahari itakuwaje? Mwenye nyumba ya wageni kule Shela anataka tarehe za Maulidi mapema, kwa sababu Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, husogea kila mwaka kwenye kalenda ya kizungu na wageni hupiga simu miezi kabla.

Hayo ndiyo matoleo yako. Kwamba mji mkongwe uliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2001 ni habari njema, nami naipenda, lakini nahodha hatamtumia mwenzake. Saa za maji atamtumia, na huyo mwenzake ndiye msomaji wako mpya.

Kila anayejiunga muulize swali moja tu: unahangaika na nini wiki hii? Jibu lake lihifadhi kwa maneno yake, kisha yatumie kwenye kichwa cha barua. “Maji ya Mkanda wiki hii” itafunguliwa. “Toleo la Nne” itapitwa. Na uwahi: mambo ya kusi yaandike Machi, watu wakiwa bado wana nafasi ya kupanga safari.

Wanaokujibu wahesabu kwa makini kuliko wanaofungua tu. Wakinyamaza matoleo mawili mfululizo, rudi gatini.