Kabla hujachomwa testosteroni ya gym, pima hivi (na kama ushaanza, soma mpaka chini)

Hii ni kwa vijana wa tizi, na pia kwa wale ambao hawanyanyui hata dumu la maji ila wameona video mbili tatu wakajipa jibu kwamba homoni zao zimeshuka. Mimi nipo kaunta ya famasi hapa Dar, na wanaokuja na picha ya boksi kwenye simu wanauliza "kaka hii mnayo?" ni wengi kuliko mnavyofikiria, cheti cha daktari hana, kipimo hana, ana maelekezo ya kocha tu. Sitawadanganya kwamba haifanyi kazi, misuli inakuja kweli, ndo maana hawasikii. Shida iko kwenye sehemu ambazo kioo cha gym hakizioneshi.

Elewa kwanza mwili unavyojiendesha, maana bila hapo mengine yote utaona natisha tu. Korodani hazijiamulii. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo inaitwa pituitari, inatuma homoni mbili, LH ya kuziambia korodani zitengeneze testosteroni, yaani homoni ya kiume, na FSH ya kusimamia mbegu. Ni kama boya la simtanki: ukileta boza likajaza tanki, boya linapanda, pampu inazima, haijali maji yametoka wapi. Ukijichoma, ubongo unaona damu imejaa testosteroni, LH na FSH zinashuka karibu na sifuri, korodani zinakosa kazi na zinanywea, yaani ukishika unazikuta ndogo na laini. Alafu mbegu zinahitaji testosteroni nyingi mno humohumo ndani ya korodani, nyingi kuliko ile ya kwenye damu, kwahiyo damu inaweza kuwa imefurika huku korodani ziko kavu.

Hapa ndo watu wanabisha, "si ndo homoni ya kiume yenyewe, itaniharibiaje uzazi?" Shirika la Afya Duniani liliwahi kuijaribu kama uzazi wa mpango kwa wanaume. Walichukua wanaume 271 wazima kabisa kwenye nchi 7, wakawa wanachomwa miligramu 200 kila wiki, matokeo yakachapishwa 1990, na zaidi ya nusu yao mbegu zilifika sifuri ndani ya miezi 6. Sifuri. Wewe unaichoma ili uonekane dume, wenzio waliichoma ili wasizalishe.

Na jinsi inavyokuja kuonekana kwenye nyumba zetu inaudhi. Kijana kaoa, mwaka umepita, mimba hamna, wifi na mama mkwe wanaanza maneno, mke ndo anayezungushwa, leo ultrasaundi, kesho mirija, keshokutwa kwa mganga Bagamoyo, na mume yupo pembeni na kifua chake kimejaa shati, hata wazo la kupima hana kwa sababu shughuli kitandani anaiweza. Kuiweza shughuli na kuwa na mbegu ni vitu viwili tofauti kabisa. Shahawa zinatoka kama kawaida, huwezi kujua kwa macho kama ndani mna mbegu au hamna. Kipimo cha mbegu ni rahisi kuliko vyote alivyopitia huyo dada: unakaa bila kutoa shahawa siku 2 mpaka 7, unatoa sampuli kwenye kikopo safi, inafika maabara ndani ya saa moja, basi. Kwa mwongozo wa WHO wa 2021 ukiwa na milioni 16 kwa mililita kwenda juu, upande wa idadi haupo pabaya. Kama unatumia sindano, au uliwahi kutumia, anza kupima wewe kabla mkeo hajavua kiatu chake mlangoni kwa daktari.

Sasa, unahisi homoni zako zimeshuka, ufanyeje?

Usianze na sindano, anza na usingizi, na sio maneno ya bibi haya. Chuo Kikuu cha Chicago walilaza vijana wazima saa 5 tu kwa usiku, wiki moja, testosteroni ya mchana ikashuka asilimia 10 mpaka 15. Boda anayelala saa 8 usiku na kuamka saa 11 alfajiri atachoka tu, hana haja ya kutafuta mchawi. Kitambi nacho kinashusha, pombe nyingi inashusha, na kuna hii watu hawaisemi, tramadol. Hizi dawa za maumivu za jamii ya afyuni zinashusha ile amri ya ubongo kwenda kwenye korodani, na vijana wengi wanaomeza "ili wakae muda mrefu" ndo haohao wanarudi miezi kadhaa baadae wanalalamika hamu imepotea. Na kama tatizo ni uume kutosimama, kwa kijana mara nyingi ni wasiwasi, pombe, sukari au presha, testosteroni wala haihusiki.

Ukirekebisha hayo na bado, nenda kapime, na upime kwa utaratibu. Damu itoke asubuhi, kati ya saa 1 na saa 4, hujala, kwa sababu asubuhi ndo iko juu na mchana inashuka yenyewe, ukipima saa 9 alasiri umetoka kazini utapewa namba ya kukutia presha bure. Usipime ukiwa na malaria au homa yoyote. Kama unameza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini waambie maabara, vinaweza kuvuruga majibu. Alafu kipimo kimoja hakitoshi, ikitoka chini unarudia siku nyingine asubuhi tena, na hiyo mara ya pili pima na LH, FSH na prolaktini (homoni nyingine ya pituitari). Madaktari wengi wanaanza kuhesabu chini ya 300 kwa kipimo cha ng/dL, ila maabara nyingine zinatumia nmol/L ambapo hiyo 300 ni kama 10.4, kwahiyo angalia yuniti kabla hujaanza kulia, nshaona mtu ana 18 anadhani anakufa na kumbe yuko freshi kabisa.

Ukiona testosteroni chini na LH juu, korodani zenyewe zina shida. Zote mbili chini, shida iko juu kwenye ubongo, au ni uzito, au ndo hizo tramadol. Testosteroni juu sana na LH karibu sifuri, hapo daktari anajua unachoma hata ukiapa kwa jina la mama. Na wapo wanaohitaji kweli, mfano wanaume waliozaliwa na kromosomu ya X ya ziada, hao wanapewa na daktari, wanafuatiliwa, na mara nyingi ni maisha yao yote. Hao wasionewe aibu.

Turudi kwenye boksi. Sustanon 250, sindano ya testosteroni, ni ampuli ya mililita 1, mafuta ya njano mazito, na soma karatasi ya ndani: testosteroni za aina nne kwenye mafuta ya karanga. Mwenye aleji ya karanga hapo tayari ana kesi. Dozi ya kawaida ya mgonjwa ni ampuli moja kila wiki 3. Gym wanachoma mbili kwa wiki, yaani mara sita, na wanaiita saikeli ya kuanzia. Na hiyo ni kama ndani mna kilichoandikwa nje, maana ampuli za kuuziwa kwenye begi la mazoezi hazijapita TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, wala popote. Anayechoma ni rafiki, kwenye tako, hajui mshipa mkubwa wa fahamu unapita wapi, sindano nyingine wanachangia. HIV na homa ya ini B na C haziangalii bodi.

Madhara mengine nitayataja haraka. Testosteroni ikizidi, nyingine mwili unaigeuza kuwa estrojeni, ndo matiti yanaota, na tishu ikishakomaa dawa haiitoi, ni kisu. Chunusi mgongo mzima. Kipara kinawahi kwa mwenye asili yake. Kolesteroli nzuri inashuka, presha inapanda, kukoroma na kukatika pumzi usingizini. Na damu inakuwa nzito: kwenye full blood picture (kipimo cha damu) angalia hematokriti, yaani sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu, ikizidi asilimia 54 daktari anasimamisha dawa, kwa sababu hapo damu kuganda kwenye mguu, mapafu au ubongo sio jambo la mbali. Denmark waliwafuatilia wanaume 1,189 waliokutwa gym wanatumia steroidi (jamii ya dawa ambayo testosteroni imo), utafiti ukatoka 2024, vifo vyao vilikuwa karibu mara tatu ya wanaume wa umri wao.

Kama ushaanza, usijifiche na usiongeze dawa nyingine ya kurekebisha uliyoambiwa na kocha yuleyule aliyekuharibu. Nenda kwa daktari wa homoni au wa njia ya mkojo, hospitali za rufaa kama Muhimbili na KCMC wapo, mwambie jina la dawa, kiasi, umeanza lini, mwisho lini, hata ampuli tupu mpelekee. Hayupo pale kukupeleka polisi. Ukiacha, testosteroni ya nje inaisha wakati yako bado haijaamka, kwahiyo kuna wiki za uchovu, hamu kupotea, huzuni nzito, na hapo ndo wengi wanarudia sindano wakidhani wanaumwa. Mwambie mtu wa nyumbani akuangalie kipindi hicho, ukianza kuwaza kujidhuru nenda hospitali siku hiyohiyo. Hivyohivyo maumivu ya kifua, kukosa pumzi ghafla, mguu mmoja kuvimba, upande mmoja wa mwili kulegea, sehemu ya sindano kuvimba na kuwaka moto, au uume kusimama zaidi ya saa 4.

Mbegu kwa wengi zinarudi, ndani ya miezi 6 mpaka mwaka, wengine mpaka miaka 2, na waliochoma nyingi kwa miaka wanaweza kuchelewa zaidi. Zipo dawa za kuamsha korodani, ila anayezipanga ni daktari akiwa na majibu mkononi. Usipime kila wiki ukajitesa, mbegu moja inachukua kama miezi 3 kutengenezwa na kutoka, kwahiyo pima leo, andika namba, rudia baada ya miezi 3, maabara ileile, siku zilezile za kusubiri.