Mjamzito na safari ya ndege kutoka Nairobi: bima kwanza, tiketi baadaye

Kwa mjamzito, kununua tiketi kwanza na bima baadaye ni hasara, hata kama bei ya tiketi inapanda. Bima ndiyo inayoamua siku ya mwisho unayoweza kurudi nyumbani ukiwa bado umelindwa, na siku hiyo mara nyingi huja mapema kuliko ile ya shirika la ndege.

Hatua ya 1: Hesabu wiki kuanzia mwisho

Fungua kijitabu chako cha kliniki cha Mama na Mtoto, uchukue tarehe ya makadirio ya kujifungua. Kama ultrasaundi ya miezi ya mwanzo ilileta tarehe nyingine na daktari akaikubali, shika hiyo na uitumie kila mahali. Tarehe mbili kwenye karatasi mbili zinatosha kukwamisha dai.

Kutoka tarehe hiyo, rudi nyuma siku 112 upate wiki 24, siku 84 upate wiki 28, siku 56 upate wiki 32, na siku 28 upate wiki 36. Makadirio yakiwa 10 Disemba, wiki 24 zinatimia 20 Agosti, 28 zinatimia 17 Septemba, 32 zinatimia 15 Oktoba na 36 zinatimia 12 Novemba. Tumia kalenda ya kawaida. Programu za mimba za simu siziamini kwa kazi hii, kwa sababu nyingine husema uko wiki ya 28 wakati umekamilisha 27 tu.

Mashirika mengi ya ndege hukubali mimba ya mtoto mmoja hadi wiki 36 na mapacha hadi wiki 32, na hudai barua ya daktari kuanzia wiki 28. Soma masharti ya kila shirika utakalopanda, pamoja na lile la kuunganisha njiani.

Hatua ya 2: Bima yenyewe

Hapa ndipo watu hupoteza pesa, basi tulia.

Anza kwa kuondoa yasiyohusika. SHA, yaani bima ya afya ya serikali ya Kenya, si bima ya safari. Bima ya kazini huenda ikalipa dharura za nje ya nchi, lakini mwombe mwajiri ukurasa unaosema hivyo na uangalie kama ujauzito umetajwa. Cheti cha bima cha visa ya Schengen chenye kiwango cha chini cha yuro 30,000 kinaridhisha ubalozi, ila hakikuambii lolote kuhusu mimba yako. Zanzibar nayo, tangu Oktoba 2024, huwataka wageni kutoka nje ya Tanzania wanunue bima ya huko. Inunue, lakini usiichukue kuwa imemaliza swali la ujauzito.

Mkataba wa bima hapa kwetu huwa wa Kiingereza. Omba mkataba wote, maana kijikaratasi cha matangazo hakitoshi, kisha utafute ndani yake maneno haya: pregnancy, childbirth, newborn, weeks. Unatafuta majibu ya mambo matatu ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni matatizo ya ghafla ya ujauzito: kutokwa na damu, presha kupanda, kifafa cha mimba, uchungu kuja kabla ya wakati. Hayo mikataba mingi huyalipa, lakini hadi wiki fulani tu: 24, 28, wakati mwingine 32. La pili ni kujifungua kwa kawaida. Hilo bima ya safari karibu kamwe hailipi, na ukisafiri kwa nia ya kujifungulia huko hulipwi chochote. La tatu, na ndilo linalosahaulika, ni mtoto. Akizaliwa njiti ukiwa ugenini, yeye ni mgonjwa wa pili na jina lake halimo kwenye mkataba. Gharama ya chumba cha watoto njiti huhesabiwa kwa siku, na anaweza kukaa humo wiki kadhaa. Kama mkataba haumtaji mtoto mchanga, chukulia kwamba hajalindwa.

Sasa kikomo cha wiki. Kihesabu kwa tarehe ya kurudi. Mama wa mfano wetu akiondoka 10 Agosti ana wiki 22 na siku 4. Akirudi 7 Septemba ana wiki 26 na siku 4. Kwa mkataba wenye kikomo cha wiki 24, kuanzia 20 Agosti yuko ugenini bila kinga ya mimba, ingawa alilipia safari nzima. Mikataba mingine ni mikali zaidi: tarehe ya kurudi ikivuka kikomo, ujauzito haulindwi hata siku ya kwanza. Uliza wako ni upi. Acha pia nafasi ya siku tatu au nne kabla ya kikomo, maana ndege huahirishwa.

Uliza kwa baruapepe. Jibu la simu halikusaidii siku ya kudai, na la WhatsApp hupotea na simu. Andika hivi:

"Nina mimba ya mtoto mmoja, makadirio ya kujifungua ni 10 Disemba. Naondoka 10 Agosti, narudi 7 Septemba. Je, matatizo ya ujauzito yanalipiwa siku zote hizo? Hadi kiasi gani? Mtoto akizaliwa kabla ya wakati, matibabu yake yanalipiwa? Ni kifungu kipi kinachosema hivyo?"

Swali la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Wakala asiyeweza kutaja kifungu, mwache utafute mwingine. Mimi napendelea wakala aliyesajiliwa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima kuliko bima inayobandikwa kwenye tiketi kwa kubofya mara moja, kwa kuwa kule hakuna wa kumuuliza.

Usifiche kitu. Mapacha, mimba ya kupandikizwa, upasuaji wa awali, presha, damu iliyowahi kutoka: taja yote. Hospitali ya ugenini itaandika historia yako, na kampuni ya bima itaisoma kabla ya kulipa.

Hatua ya 3: Barua ya daktari

Iwe ya Kiingereza, yenye jina kama lilivyo kwenye pasipoti, wiki za mimba, makadirio ya kujifungua, mtoto mmoja au zaidi, kwamba hakuna matatizo, na kwamba unafaa kusafiri kwa ndege kwenda na kurudi kwa tarehe zilizotajwa. Muhuri, sahihi, namba ya usajili ya KMPDC, baraza la madaktari la Kenya. Mashirika hutaka barua ya siku chache kabla ya safari, basi ya mwezi uliopita inaweza kukataliwa kwenye kaunta. Kama unaondoka kabla ya wiki 28 na kurudi baadaye, panga jinsi ya kupata barua mpya huko.

Hatua ya 4: Homa ya manjano

Afrika Kusini, kwa mfano, hudai cheti cha chanjo ya homa hii kutoka kwa msafiri anayetoka Kenya. Kama ulichanjwa zamani, cheti hicho ni cha maisha. Kama hukuchanjwa, chanjo hii ina virusi hai na kwa kawaida wajawazito hawapewi. Daktari anaweza kukuandikia msamaha, lakini nchi unayokwenda haifungwi kuukubali. Uliza ubalozi kabla ya kulipa tiketi.

Hatua ya 5: Safarini

Kiti cha kando ya njia. Mkanda upite chini ya tumbo, juu ya nyonga. Inuka utembee kila baada ya saa moja au mbili na unywe maji, kwa sababu mjamzito yuko katika hatari zaidi ya damu kuganda miguuni. Kijitabu cha kliniki kiwe mkobani, kamwe si kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege. Hakikisha kundi lako la damu limeandikwa humo, hasa kama ni hasi.

Namba ya dharura ya bima iandike kwenye karatasi, ikianza na alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi, na umpe nakala unayesafiri naye. Ukilazwa, apige kabla hospitali haijaanza matibabu yanayoweza kusubiri, na aandike namba ya faili atakayopewa. Mikataba mingi hupunguza au kukataa malipo ya kulazwa ambako kampuni ya bima haikuarifiwa mapema, mara nyingi ndani ya saa 24.