Kula vyakula vya mimea: namna ya kupata faida bila kupungukiwa

Kuacha nyama peke yake hakuleti afya. Soda, chipsi na mkate mweupe navyo vinatokana na mimea, na havimsaidii mtu. Faida huja pale nafasi ya nyama inapochukuliwa na jamii ya kunde, nafaka zisizokobolewa, mboga, matunda, karanga na mbegu. Nyuzinyuzi zinazoyeyuka, zilizomo kwenye maharagwe na shayiri, hunasa asidi za nyongo ndani ya utumbo na kutoka nazo kwenye choo. Ini hulazimika kuchota kolesteroli kwenye damu ili litengeneze nyongo nyingine, na kolesteroli mbaya hushuka.

Mtu mzima ahitaji angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe kimoja cha dengu zilizopikwa kina takriban gramu 15, na protini gramu 18. Hata hivyo usianze kwa pupa. Utumbo usiozoea hujaa gesi, na wengi hukata tamaa hapo wakidhani chakula hakiwapatani. Anza na nusu kikombe mara tatu kwa wiki, ongeza kidogo kidogo kwa wiki tatu au nne, na unywe maji ya kutosha, maana nyuzinyuzi bila maji hufunga choo.

Maharagwe yaloweke saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, yaoshe, kisha yapike kwa maji mapya. Sehemu ya sukari zinazoleta gesi huondoka na maji ya kwanza. Maharagwe mekundu yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto, halafu yaive hadi yalainike kabisa. Yana lektini inayosababisha kutapika na kuhara, na moto mdogo hauiharibu.

Madini ya chuma ndiyo yanayowasumbua wengi, hasa wanawake wanaopata hedhi. Chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama, lakini vitamini C hukirahisishia njia. Kamulia limau kwenye dengu, au kula chungwa, nyanya mbichi au pilipili hoho katika mlo huohuo. Chungwa la asubuhi halisaidii dengu za jioni. Chai na kahawa hukizuia chuma, kwa hiyo zisubiri angalau saa moja baada ya kula. Na usitegemee spinachi kwa kalsiamu: inayo nyingi, ila oksaleti, kemikali iliyomo kwenye spinachi hiyohiyo, huishikilia isifyonzwe. Kabichi na brokoli ni afadhali.

Vitamini B12 haina mbadala kwenye mimea. Asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa lazima aipate kwenye vidonge au vyakula vilivyoongezewa: mikrogramu 10 kila siku, au 2,000 mara moja kwa wiki. Dozi ya wiki ni kubwa kwa sababu mwili hufyonza sehemu ndogo sana kwa mara moja. Tatizo kubwa ni kwamba ini huwa na akiba ya miaka kadhaa, hivyo mtu hujiona mzima huku akiba ikiisha. Ganzi na kuchomachoma mikononi na miguuni ni dalili ya neva kuathirika, na kuchelewa kutibiwa huweza kuacha madhara ya kudumu. Mama mjamzito au anayenyonyesha asiruke dozi hata kidogo, kwani mtoto hutegemea kiasi alichonacho yeye.

Mbegu za kitani zisage kabla ya kula. Zikiwa nzima hupita tumboni bila kumeng'enywa, na omega-3 yake, yaani mafuta yenye faida mwilini, hupotea. Chumvi iwe yenye madini joto.

Anayetumia dawa za kisukari au presha amwone daktari kabla ya kubadili mlo, kwa sababu sukari na presha zinaweza kushuka na dozi ileile ikawa kubwa mno. Mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kuhusu potasiamu, madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyaondoa. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiziache mboga za majani, ila kiasi kiwe kilekile kila wiki, kwani vitamini K iliyomo hubadilisha nguvu ya dawa hiyo.