Jinsi ya kuomba ruzuku ya huduma za VVU kwa familia zenye kipato kidogo: mwongozo kwa vikundi vya Moshi

Kwanza hakikisheni mnachotafuta ni ruzuku, si mkopo. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu) ni mkopo usio na riba. Unarejeshwa, na umekusudiwa biashara: kufuga kuku, kushona, kuuza mitumba soko la Memorial. Mama wa kikundi chenu akiuchukua kwa ajili ya mtaji, vizuri. Lakini nauli ya kumpeleka mtoto kliniki haizai marejesho, kwa hiyo nauli iombeeni ruzuku. Ruzuku hairudishwi; mnachorudisha ni hesabu, tena yenye risiti.

Usajili na akaunti

Kikundi cha kijamii kinasajiliwa halmashauri kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata. Andaeni katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha kikundi wenye sahihi za waliohudhuria, orodha ya viongozi, na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Mkitaka kuwa shirika lisilo la kiserikali, mtasajiliwa na Msajili wa mashirika hayo chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, na mtachagua ngazi: wilaya, mkoa au taifa. Kwa kikundi cha watu wa Pasua na Njoro sioni sababu ya kukimbilia taifa.

Jina la akaunti ya benki lifanane na la cheti herufi kwa herufi. Neno "kikundi" likiwepo kwenye cheti na likakosekana benki, fedha zinaweza kukwama wiki nzima huku mkipigiana simu.

Anzieni kwa mratibu, si kwa mfadhili

Manispaa ya Moshi na Halmashauri ya Wilaya ya Moshi kila moja ina mratibu wake wa UKIMWI, kwa hiyo jueni mko upande upi. Uru na Kibosho ni wilaya, hata kama wagonjwa wao wanashuka mjini kuchukua dawa. Mratibu atawaambia nani tayari anafanya nini na katika kata ipi. Onaneni pia na konga, yaani mtandao wa WAVIU (watu wanaoishi na VVU) wa eneo lenu. Andiko la mradi wa WAVIU lisilo na mkono wao hujulikana kuanzia ukurasa wa kwanza.

Kisha nendeni kituo cha tiba na matunzo (CTC) mnachotaka kushirikiana nacho, kiwe Mawenzi, KCMC au kituo cha afya cha kata. Ombeni barua inayosema kituo kimekubali. Bila barua hiyo mtakuwa mnaahidi kazi ya watu wengine.

Hesabuni familia, si vichwa

Hapa ndipo maombi mengi yanapoangukia. Andiko linasema "tutahudumia WAVIU 120", lakini halisemi hao 120 wanatoka kaya ngapi, wana watoto wangapi, na wangapi kati ya watoto hao hawajapimwa. Mfadhili wa huduma za familia anataka kuiona kaya.

Tengenezeni jedwali, kila mstari kaya moja. Safu ziwe hizi: namba ya kaya, watu wazima wanaotumia dawa, wenza ambao hali yao haijulikani, watoto na umri wao, watoto waliopimwa, siku za kliniki za kila mmoja, na umbali hadi kituoni. Safu ya siku za kliniki ndiyo itakayowapa hoja. Tuseme nauli ni shilingi 1,000 kwa kila mtu kwenda, na kiasi hicho hicho kurudi. Mama ana tarehe yake, baba ana yake, na mtoto ana ya tatu, tena lazima asindikizwe na mama. Hizo ni shilingi 8,000 na siku tatu za vibarua zilizokatika. Wote wakipangiwa siku moja ni shilingi 6,000 na siku moja. Kwa wenye hali tulivu wanaopewa dawa za miezi mitatu au hata sita kwa mkupuo, kuzilinganisha tarehe ni jambo la kukaa na wahudumu wa CTC na kukubaliana. Hesabu kama hii ina nguvu kuliko aya mbili za kueleza umaskini.

Majina yasiingie kwenye jedwali, wala namba za kadi za CTC, wala picha za watoto. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya mgonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeongeza uzito. Kitaa cha Moshi ni kidogo: ukiandika "mjane mwenye watoto wanne, fundi cherehani, Majengo", umeshamtaja. Tumieni namba, na ufunguo wa namba hizo, yaani orodha inayoonyesha namba ipi ni ya nani, ubaki kituoni.

Kwa vijana, kumbukeni kwamba marekebisho ya Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2019 yaliruhusu mtu kuanzia miaka 15 kuridhia kupimwa mwenyewe. Kazi yenu kwa rika hilo iandikwe kwa kuzingatia hilo.

Bajeti

Msiweke dawa za kufubaza VVU (ARV), zinatolewa bure. Wekeni vitu ambavyo kukosekana kwake kunamfanya mtu aache dawa: nauli, lishe kwa wenye utapiamlo, posho ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaowafuatilia watoro wa kliniki, siku ya klabu ya vijana, muda wa maongezi. Kila mstari uonyeshe idadi, mara ngapi na bei. Mstari wa "mengineyo" ufuteni tu.

Viashiria vitatu vinatosha: watoto wa wazazi wenye VVU waliopimwa, kaya zenye siku moja ya kliniki, na wanafamilia ambao kipimo chao kinaonyesha virusi vimefubazwa, yaani dawa zimevidhibiti.

Pa kupeleka

Ulizeni kwa mratibu kuhusu Mfuko wa UKIMWI ulio chini ya TACAIDS (Tume ya Kudhibiti UKIMWI), na fuatilieni matangazo ya Foundation for Civil Society, shirika linalotoa ruzuku kwa asasi za kiraia. Baada ya Marekani kusitisha misaada yake ya nje Januari 2025, msitegemee mlango mmoja. Kikundi kichanga kinaweza pia kuingia kama mshirika wa shirika lenye uzoefu; KIWAKKUKI, kwa mfano, kikundi cha wanawake wa Kilimanjaro wanaopambana na UKIMWI, ipo Moshi tangu 1990. Fuateni muundo wa tangazo kama ulivyo. Wakisema kurasa tano, ya sita haisomwi.

Mkishapata

Kwa mashirika yaliyosajiliwa chini ya sheria ya 2002, fedha zikizidi shilingi milioni 20 mkataba hupelekwa kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Mweka hazina aujue mapema. Vikundi vya halmashauri vipeleke nakala kwa afisa maendeleo ya jamii.

Mkikosa, andikeni barua fupi kuomba maoni ya watathmini. Baadhi ya wafadhili hujibu, na maoni hayo yaambatanisheni na jedwali lenu la kaya kabla ya tangazo lijalo. Jedwali lenyewe lihuishwe kila miezi mitatu, maana watoto wanazaliwa na kaya zinahama.