Jinsi ya Kufuatilia Msimu wa Timu ya Chuo ya Futiboli ya Kimarekani Ukiwa Kisumu

Kwa mkazi wa Kisumu au Kakamega aliyezoea raga, ugumu wa kufuatilia futiboli ya vyuo vya Marekani hauko sana uwanjani. Uko kwenye saa, na kwenye hesabu za nani anaingia mchujo. Timu ya chuo hucheza mechi 12 tu za kawaida kati ya mwisho wa Agosti na mwisho wa Novemba, ilhali klabu ya Ligi Kuu ya Uingereza hucheza 38, kwa hiyo kila Jumamosi ina uzito ambao shabiki wa soka hajauzoea. Chagua timu moja na ushikamane nayo, kwa maana anayerukaruka huambulia matokeo tu. Hapa nitaitumia Ohio State ya mwaka 2024, ambayo msimu wake ulikuwa na karibu kila jambo.

Anza na ratiba. Chukua daftari la kawaida, chora safu za mpinzani, nyumbani au ugenini, saa ya Kenya na matokeo, kisha nakili mechi zote 12 kabla msimu haujaanza. Safu ya saa iandike kwa penseli, kwa sababu mechi nyingi hupangiwa saa siku 12, au hata 6 tu, kabla ya kuchezwa. Ratiba nyingi hufuata saa za mashariki mwa Marekani, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa saba hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, siku ambayo Wamarekani hurudisha saa zao nyuma na tofauti ikawa saa nane. Kabla ya siku hiyo, mechi ya saa sita mchana kwao huanza saa moja jioni kwetu, ya saa tisa na nusu alasiri huanza saa nne na nusu usiku, na ya saa moja na nusu usiku huanza saa nane na nusu, usiku wa kuamkia Jumapili. Baada yake, ongeza saa moja kwa kila mechi. Mwaka wangu wa kwanza nilisahau kuongeza, nikaketi sebuleni nimejifunika blanketi kwa saa nzima nikitazama matangazo ya malori.

Usitegemee kibanda cha video. Mechi ya saa moja jioni hugongana na ile ya Uingereza ya saa moja na nusu, na hakuna mwenye kibanda Kondele atakayewakatiza mashabiki wa Arsenal ili akuwekee Ohio State. Tumia simu, na upime bando lako ukijua kwamba mechi moja huchukua takriban saa tatu na nusu.

Ukishaketi kutazama, zingatia namba mbili zinazoandikwa kwenye skrini kabla ya kila mchezo, yaani kila mara mpira unapoanzishwa hadi unaposimama. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, na ikifaulu hupewa manne mengine. Namba ya kwanza ni jaribio la ngapi, na ya pili ni yadi zilizobaki. Ukiona 3 na 7, ujue ni jaribio la tatu na zimebaki yadi saba, na kwamba huenda kwotabeki, mchezaji anayeongoza mashambulizi, akarusha mpira mbele. Mrusho huo wa mbele, unaoruhusiwa mara moja kwa kila mchezo, na kumzuia mpinzani asiye na mpira ni mambo ambayo refa wa raga angeyapulizia filimbi papo hapo. Mwenye mpira akiteleza goti likagusa nyasi, mchezo umekufa hata kama hakuguswa na mtu, na hiyo ni sheria ya vyuo, si ya ligi ya kulipwa. Tachidauni, yaani kuufikisha mpira kwenye eneo la mwisho la mpinzani, ni pointi 6 bila kulazimika kuugusisha mpira chini, na mkwaju wa kupita kati ya milingoti ni 3.

Kuhusu nafasi, orodha ya shirika la habari la AP yenye timu 25, inayopigiwa kura na wanahabari tangu 1936, ni ya heshima tu. Inayoamua ni ya kamati ya mchujo, inayoanza kutoka karibu na Novemba. Tangu msimu wa 2024 mchujo una timu 12 badala ya 4, na hapo ndipo Ohio State ilipoponea. Ilishindwa na Oregon 32-31 tarehe 12 Oktoba, kisha ikashindwa nyumbani na Michigan, mahasimu wake wa jadi, 13-10 tarehe 30 Novemba, ikakosa hata fainali ya Big Ten, kundi la vyuo inamochezea. Chini ya mfumo wa timu 4, hakuna timu iliyowahi kuingia ikiwa imepoteza mechi mbili. Safari hii Ohio State iliingia ikiwa ya nane, ikaichapa Tennessee 42-17, Oregon 41-21, Texas 28-14, na mwishowe Notre Dame 34-23 tarehe 20 Januari 2025. Kwa hiyo usilifunge daftari mwezi wa Novemba. Acha kurasa mbili wazi.

Fainali hiyo ilichezwa Jumatatu, nasi tukaianza saa tisa na nusu, usiku wa kuamkia Jumanne. Mechi ya saa hizo humalizika karibu saa moja asubuhi, matatu za kwenda mjini zikiwa zimeshajaa, kwa hiyo ruhusa ya kazini iombe wiki moja kabla.