Seva mbili, folda moja: kuweka NFS kwenye klaudi

Tuseme una mteja anatoa mizigo pale Kilindini, mfumo wake umekua mpaka umemuekea seva mbili kwenye klaudi na loudi balansa mbele, ile yenye kugawa watu baina ya seva. Karani anaskani karatasi za kontena, anapandisha, zaingia seva ya kwanza. Mwenzake akizitafuta anapelekwa seva ya pili, faili hakuna, simu zaanza. Dawa ni folda moja ambayo seva zote zaiona, na njia nyepesi ni NFS (Network File System), yaani kutumia folda ya seva nyengine kupitia mtandao kama iko hapo kwako, kitu cha Sun Microsystems tangu 1984 na mpaka leo Linux yoyote yakijua.

Kwanza mahali, na hapa nawaomba sana msikize. Stoo, yaani seva inayoweka hiyo folda, ikae pamoja na seva za programu, rijeni moja (eneo moja la klaudi), ikiwezekana zoni moja ndani yake. Wako wanaotaka kuiweka ofisini Nyali eti kebo za bahari zatua hapa hapa Mombasa, TEAMS na SEACOM ziko tangu 2009. Sawa, lakini kebo yakupa upana, umbali hauondoi. NFS yaongea mno, kufungua faili moja tu ni maswali kadhaa ya kwenda na kurudi, sasa seva iko Ulaya na folda iko Nyali kila swali livuke bahari, faili moja kubwa utavumilia ila folda ya vifaili elfu kumi utalia.

Haya, seva ya stoo tuipe 10.0.0.10 kwenye mtandao wa ndani, zile mbili za programu 10.0.0.11 na 10.0.0.12, zote Ubuntu. Kwenye stoo:

sudo apt install nfs-kernel-server
sudo mkdir -p /srv/pamoja
sudo chown 33:33 /srv/pamoja

Hiyo 33 ni namba ya www-data, mtumiaji ambaye programu za wavuti huendeshwa kwa jina lake. NFS ya kawaida haiulizi pasiwadi, yaangalia anwani ya seva na namba ya mtumiaji basi, kwa hivyo kama programu yako yatumia mtumiaji mwengine hakikisha namba yake ni moja kila seva, jina kufanana hakutoshi. Na root, yule mtumiaji mkuu, akikataliwa kuandika usikimbilie no_root_squash ya kumfungulia, kule kukataliwa ni ulinzi, uache.

Kisha kwenye /etc/exports, faili linalosema nani aruhusiwe folda gani, mstari mmoja:

/srv/pamoja 10.0.0.11(rw,sync,no_subtree_check) 10.0.0.12(rw,sync,no_subtree_check)

Tazama pale anwani inapokutana na mabano: pasiwe na nafasi hata kidogo. Ukiiacha, 10.0.0.11 yabaki na ruhusa ya kusoma tu, na ile rw yaenda kwa dunia nzima! Piga sudo exportfs -ra halafu sudo exportfs -v, ukiona neno <world> hapo rudi urekebishe kabla hujanyanyuka. Fayawoli nayo ifungue poti 2049 ya TCP kwa hizo anwani mbili peke yake.

Kwenye seva za programu weka nfs-common, tengeneza /mnt/pamoja, na kabla ya kumaunti, yaani kuiunganisha folda ya stoo hapo, piga sudo chattr +i /mnt/pamoja ya kuifunga isiandikwe, sababu yake naja nayo. Kwenye /etc/fstab, orodha ya vya kumaunti seva ikiwaka:

10.0.0.10:/srv/pamoja /mnt/pamoja nfs nfsvers=4.1,hard,_netdev 0 0

Halafu sudo mount -a. Hiyo hard muhimu, stoo ikizima programu zasubiri mpaka irudi. Soft yakata tamaa na kurudisha kosa, na programu isiyoangalia makosa itadhani imeandika kumbe data imeharibika.

Ukiwa Amazon na hutaki kulea seva ya stoo, EFS, stoo yao ya tayari, ni NFS hiyo hiyo, walipia tu. Popote ulipo usiweke SQLite humo, ile databesi ya faili moja, kufuli zake za kuzuia wawili kuandika pamoja haziaminiki juu ya NFS. Na bekapu ifanye kando, maana faili ikifutwa seva moja imefutika kote.

Mwisho ributi seva moja ya programu kisha piga findmnt /mnt/pamoja. Isipoonyesha kitu, folda haijamauntiwa, na kwa kawaida programu ingeandika kimya kimya kwenye diski ya pale pale, hata wiki ipite hujajua. Ile chattr +i ndiyo yaizuia, maana folda tupu itakataa kuandikwa na kosa utaliona kwenye logi papo hapo.