Kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari: nini kiwe kwenye sahani

Mwenye kisukari akipata kidonda mguuni, mara nyingi watu wa nyumbani humpunguzia chakula chote ili sukari ishuke. Sukari inashuka kidogo, uzito nao unashuka, na kidonda kiko vilevile. Cha kupunguza ni wanga. Protini huongezwa, kwa sababu nyama mpya ya kidonda hujengwa nayo, na majimaji yanayotoka kila siku huondoka nayo.

Kwanza ulizeni hali ya figo. Kisukari huharibu figo, na kama figo zimeshadhoofika, kiasi cha protini apange daktari au mtaalamu wa lishe. Mwenye figo nzima na kidonda anahitaji takriban gramu 1.25 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtu wa kilo 60, basi, anahitaji gramu 75 hadi 90.

Zinapatikanaje? Asubuhi mayai mawili (gramu 12) na kikombe cha maziwa yasiyo na sukari (8). Saa nne, karanga za kujaa kiganja (7). Mchana samaki aliyepikwa wa gramu 100, yaani kipande cha ukubwa wa kiganja bila vidole (25). Usiku kikombe cha maharage yaliyoiva (15), kisha kikombe cha mtindi (8). Hizo ni 75. Samaki akiwa ghali, dagaa wakavu gramu 30 wanatoa 15 au zaidi. Waloweke na kumwaga maji ili chumvi ipungue. Supu nyepesi ya mifupa iliyochujwa haitoshi: mgonjwa apewe nyama yenyewe.

Ugali, wali au ndizi visizidi robo ya sahani, takriban ngumi moja. Dona ni bora kuliko sembe kwa nyuzinyuzi zake, lakini nalo hupandisha sukari likijazwa. Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, matembele, kabichi. Zipikwe kwa muda mfupi, kwani vitamini C huharibiwa na moto, na bila hiyo mwili hautengenezi vizuri nyuzi zinazoshikilia nyama mpya. Pera moja la wastani linatosha vitamini C ya siku nzima. Litafunwe, juisi, hata ya nyumbani, huingiza sukari kwa kasi.

Sukari ikibaki juu, chembe nyeupe za damu hupambana kwa uvivu na wadudu wa kidonda. Lakini anayechoma insulini au kumeza glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari) asikate wanga ghafla bila kuwaambia wa kliniki, maana dozi ileile kwa chakula kidogo hushusha sukari kupita kiasi na kumwangusha. Akitetemeka, akitoka jasho, au kipimo cha sukari kikiwa chini ya 4 mmol/L, apewe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale.

Aliyemeza metformini, dawa nyingine ya kisukari, kwa miaka mingi aombe kipimo cha vitamini B12, kwani dawa hiyo huweza kuipunguza, na upungufu wake huzidisha ganzi ya miguu. Vidonge vya zinki na virutubisho vya bei kali havina haja ya kununuliwa kwa kubahatisha. Zinki ipo kwenye nyama, dagaa na mbegu za maboga.

Chakula hakichukui nafasi ya kusafisha kidonda, kuupumzisha mguu usikanyagiwe, na kupimwa mtiririko wa damu. Ngozi ikiwa nyeusi, ikinuka, wekundu ukisambaa au homa ikija, ni hospitali siku hiyohiyo.

Mpimeni uzito kila wiki, kwenye mzani uleule. Akipoteza kilo 3 kati ya 60 ndani ya mwezi bila kukusudia, chakula hakitoshi. Mguu uliovimba hudanganya mzani kwa uzito wa maji, kwa hiyo tazameni pia mikono ya juu na mabega kama yamekonda.